Ushindi wa Dirisha la Tatu

Tuyamalize mapema tusije tukagombana mbele ya safari: siku ile mjinga alikuwa Nasoro Mkwachu mwenyewe, na ukimuuliza leo atakwambia hivyo hivyo, tena kwa kicheko. Wajinga wengine walikuwepo, maana nchi ile haijawahi kupungukiwa, lakini wao walikuwa wajinga wa kuajiriwa, wenye ofisi na mapazia. Nasoro aliufanya wake kwa kujitolea, akiwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake na redio mapajani.

Redio ilisema kwamba Bunge Tukufu limepitisha Sheria ya Usawa wa Watu Wote na Ukomeshaji wa Ubaguzi wa Kila Namna, Ule Unaojulikana na Ule Ambao Bado Haujagunduliwa. Wabunge waliokuwa macho walisema ndiyo. Waliokuwa wamelala walihesabiwa kuwa wamekubali kwa heshima. Spika akatangaza kwamba ubaguzi utakoma nchini siku hiyo saa sita kamili mchana, isipokuwa mikoa ya magharibi, ambako utakoma Jumatatu kwa sababu ya ubovu wa barabara.

Saa sita ilipotimia Nasoro alijipiga paja.

"Arafa," akamwita mkewe, "umesikia? Sasa hivi mimi na Mkurugenzi ni sawa."

"Mkurugenzi kaambiwa?" Bi Arafa akauliza kutoka jikoni.

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angezima redio. Nasoro aliongeza sauti.

Nchi yenyewe haitatajwa hapa. Iko mbali sana, na msomaji akiona inafanana na ya kwake, hilo amejitakia mwenyewe.

Tumtendee haki Nasoro lakini, alikuwa na sababu ya kuifurahia sheria ile. Hakuwa na mkono wa kulia. Ulichukuliwa na mashine ya kukamua mkonge alipokuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, na yeye husema mkono ule ulikuwa na bahati kumshinda, kwani ulistaafu mapema. Kwa ule uliobaki alijifunza kuandika hati nzuri kupita ya mwalimu wake, akaajiriwa Ofisi ya Vizazi na Vifo, dirisha la tatu, kutoa vyeti vya kuzaliwa. Akakaa pale miaka kumi na tisa. Kila alipomkabidhi mtu cheti alisema, "Samahani kwa mkono wa kushoto," na mtu alijibu kama watu wa kule wanavyojibu, "Mkono ni mkono." Basi, yamekwisha. Unaomba radhi, unasamehewa, mtoto anapata jina lake serikalini.

Dirisha la nne, la vyeti vya vifo, lilikuwa la rafiki yake Chiponda. Hawa wawili waliajiriwa siku moja, walisoma shule moja, urefu wao mmoja, hata kikohozi walikipata masika mamoja. Watu waliwaita pacha wa serikali. "Mimi nawaingiza duniani, Chiponda anawatoa," Nasoro alizoea kuwaambia wateja. "Siku mkiona foleni yake ndefu kuliko yangu, hameni."

Wiki ya pili baada ya ubaguzi kukoma, alikuja dirishani mke wa mtu mkubwa, kuchukua cheti cha mjukuu. Nasoro akampa kwa ule mkono aliokuwa nao, akaomba samahani yake ya kila siku. Mama yule hakujibu "mkono ni mkono." Alikiacha cheti hewani, kikining'inia, akaenda zake kwenye gari.

Jioni ile ile Mkurugenzi wa ofisi yao akatoa Waraka wa Heshima. Ulianza hivi: "Kwa kuwa sasa wananchi wote ni sawa, na kwa kuwa wapo wanaopewa nyaraka kwa mkono wa kulia, basi wote wana haki sawa ya kupewa kwa mkono wa kulia." Hapo nchi ile ina wataalamu, tusiwaonee. Sheria ilikuwa haijamaliza hata mwezi, na tayari walikuwa wameshapata namna ya kumpiga nayo mtu yule yule iliyokuja kumkinga.

Nasoro akapewa likizo ya kutafakari, siku thelathini. Barua ilieleza kwamba, baada ya siku hizo, endapo mkono wake utakuwa haujabadilika, kazi yake itakoma bila shari.

"Ubadilike vipi?" Bi Arafa aliuliza alipoisoma.

"Labda wanadhani utaota. Kuna mijusi inaota mkia."

"Na usipoota?"

"Ndiyo maana kuna Tume, Arafa. Tume ya Usawa. Imeundwa kwa ajili ya watu kama mimi."

* * *

Tume ya Usawa ilikuwa ghorofa ya tatu, na jengo halikuwa na lifti. Chini ya ngazi palikuwa na bango: NGAZI HII NI YA WOTE. Pembeni ya bango, mtu mmoja wa kiti cha magurudumu alikuwa ameegeshwa tangu Jumanne, akiwa huru kabisa kupanda kama mwananchi mwingine yeyote.

Zamani kila ofisi ya nchi ile ilikuwa na benchi moja la wazee, wajawazito na wenye ulemavu. Tume ililiondoa benchi lake siku ya kwanza, kwa hoja kwamba kumkalisha huyu na kumsimamisha yule ni ubaguzi. Kwa hiyo wote walisimama. Wakubwa hawakusimama, lakini wao hawakuwa kwenye foleni, wakapita mlango wa nyuma, na foleni ikabaki safi.

Nasoro alifika mezani saa nane. Karani alikuwa binti mpole aitwaye Zamoyoni, mwenye kalamu tatu kwenye nywele. Nasoro akamnyoshea fomu yake ya malalamiko.

"Baba, unanipa kwa kushoto?"

"Samahani kwa mkono wa kushoto, mwanangu."

"Mimi binafsi sina neno, baba, mkono ni mkono. Lakini hapa nimekaa kama Tume."

"Na Tume inasemaje?"

"Tume haijaelekezwa." Akatazama huku na huku. "Tufanye hivi. Iweke mezani, mimi nitaiokota."

Nasoro akaiweka. Zamoyoni akaiokota kwa mkono wa kulia, taratibu, akafungua daftari kubwa jeusi na kuanza kuandika.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Kitu kikiokotwa humu ofisini kinaandikishwa kwenye vitu vilivyopotea. Kinakaa siku saba. Mwenyewe asipojitokeza, kinachomwa."

"Mwenyewe ni mimi. Nimejitokeza."

"Una kitu cha kuonyesha kwamba ni yako?"

"Jina langu limeandikwa humo ndani ya fomu."

"Fomu si imepotea, baba? Ndiyo maana iko kwenye daftari hili."

Nasoro alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, maana maisha yalimfundisha kwamba ukinuna serikalini wanakuomba picha ya mnuno, nakala mbili. Siku ya pili akarudi na fomu nyingine, akauliza kama inaruhusiwa kuileta kwa meno, kwa kuwa meno hayana kushoto. Alitania. Zamoyoni hakutania. Aliingia ndani, akakaa huko saa nzima, akatoka na jibu kwamba meno hayakutajwa popote, hivyo yanaruhusiwa kwa muda.

Basi Nasoro Mkwachu, mtu mzima wa miaka arobaini na nane, akainama juu ya meza ya Tume ya Usawa na karatasi mdomoni. Zamoyoni aliipokea huku akitazama dirishani.

"Shikamoo, baba," alisema kwa sauti ndogo, ingawa walikwisha kuamkiana.

"Marahaba, mwanangu. Iangalie hiyo pembe, ina mate."

* * *

Shauri lilisikilizwa siku ya kumi na nne kati ya zile thelathini. Kamishna Mkuu wa Usawa alikuwa Profesa Mwakitalu, mtu mnene wa sauti ya kinanda, aliyekalia kiti kilichoinuliwa juu ya jukwaa ili, kama alivyoeleza, awaone wote kwa usawa.

"Ndugu zangu," alianza, "na ninaposema ndugu, simaanishi upendeleo wa kifamilia. Nimekwenda ng'ambo mara kumi na moja kujifunza usawa, na kila niliporudi nilikuwa naujua kuliko ninyi. Ndani ya ukumbi huu hakuna mkubwa wala mdogo. Ninyi nyote ni wadogo, tena kwa kiwango kimoja."

Watu wakapiga makofi. Nasoro alijipigia paja.

"Mlalamikaji aape. Nyosha mkono wa kulia."

"Mheshimiwa, huo ndio uliotuleta hapa. Haupo."

Akainua wa kushoto. Mwanasheria wa Mkurugenzi, kijana mwembamba mwenye miwani, akasimama kama aliyechomwa na mwiba. Alieleza kwamba kiapo cha kulia kinamfunga mtu kusema kweli, hivyo cha kushoto, kwa mantiki ya kawaida, kinamfunga kusema uongo, na Tume haiwezi kumwapisha mtu adanganye kisha ikamlaumu kwa kutii kiapo.

Profesa Mwakitalu alifumba macho muda mrefu. Wengine walidhani anafikiri.

"Tume hii haimnyimi mtu haki kwa kukosa kiungo," alisema hatimaye. "Mlalamikaji ataazimwa. Nani humu ana mkono wa kulia ambao hauna kazi?"

Wote wakamtazama Mbwego, tarishi wa Tume, aliyekuwa ameegemea mlango na sinia tupu la chai. Akaitwa. Akasimama nyuma ya Nasoro, akanyosha mkono wake wa kulia juu ya bega la Nasoro, na kiapo kikasomwa kikaisha. Ukumbi ulifurahi. Mwandishi wa gazeti la serikali aliandika neno "kihistoria."

"Sasa eleza malalamiko," Kamishna akasema.

Nasoro akafungua mdomo.

"Wewe nyamaza. Wewe hujaapa. Aliyeapa ni Mbwego."

"Lakini mheshimiwa, yaliyonipata nayajua mimi."

"Huenda. Ila yeye ndiye aliyefungwa kusema kweli. Wewe tukikusikiliza, nani atakuzuia kudanganya? Mbwego, ieleze Tume ulivyobaguliwa."

Mbwego alimtazama Nasoro, akalitazama sinia. Nasoro akamnong'oneza, "Sema dirisha la tatu," na mwanasheria akaruka tena kulalamika kwamba shahidi anafundishwa.

"Nilivyobaguliwa mimi?" Mbwego akauliza.

"Hakuna mwingine aliyeapa."

"Basi, mheshimiwa, mimi nina miaka sita hapa na sijapewa viatu. Dereva alipewa. Mtu wa bustani alipewa vya mvua. Mimi ndiye ninayepanda hizi ngazi. Halafu kuna habari ya sukari. Wakubwa humu wanaweka vijiko vinne, sisi tunaambiwa imekwisha, na mimi ndiye ninayeinunua, najua haijaisha."

Alisema kwa nusu saa, kwanza kwa woga, kisha kwa ufasaha uliomshangaza mwenyewe. Yote yaliandikwa. Ndiyo maana kumbukumbu za nchi ile zinaonyesha hadi leo kwamba Nasoro Mkwachu aliondolewa dirisha la tatu kwa sababu ya viatu na sukari.

"Umesema vizuri," Nasoro alimwambia Mbwego alipomaliza. Na aliona kweli: malalamiko ya Mbwego yalikuwa mazito, na hakuna aliyepanga kuyashughulikia hayo pia.

Kamishna akakohoa. "Tume imesikia. Lakini ubaguzi, wananchi, ni hesabu ya watu wawili. Huwezi kubaguliwa peke yako. Mlalamikaji atuletee mlinganishwa, yaani mtu aliye sawa naye kwa kila hali, umri, elimu, cheo, miaka ya kazi, kimo, tabia, isipokuwa tu mkono. Tukiona huyo alitendewa vizuri kuliko wewe, umebaguliwa. Usipompata, hukubaguliwa."

"Nisipompata, mheshimiwa, mimi nitakuwa nimefanywa nini?"

"Utakuwa umetendewa tu."

Akapewa siku kumi.

* * *

Hakuhitaji hata moja. Jioni ile alikwenda kwa Chiponda, akamkuta uani anarekebisha mguu wa meza, na mkewe, Bi Sikujua, anapepeta mchele.

"Hodi, pacha."

"Karibu. Wamekurudishia kazi?"

"Bado. Wananitaka nipeleke mtu aliye sawa na mimi."

Chiponda alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. "Nchi nzima yupo mmoja."

"Ndiye huyo nimemfuata. Kazi yako kusimama tu, bwana. Uwe kama mfano anaouchora mwalimu ubaoni. Wakikutazama wewe, wakinitazama mimi, basi. Saa tatu umesharudi dirishani kwako kuandikia watu vifo."

Bi Sikujua aliacha kupepeta. "Shemeji, unajua mimi nakupenda kama ndugu yangu."

"Najua, shemeji, na ukianza hivyo najua kuna shoka linakuja."

"Hakuna shoka. Nauliza tu. Tangu nizaliwe sijaona mtu aliyetazamwa na serikali kwa makini akarudi kama alivyokwenda. Wewe umewahi kumwona?"

"Hiyo zamani, shemeji. Sasa kuna sheria."

"Na ilipokuwa haipo, nani alikuondoa dirishani?"

Chiponda alinyanyua mkono kumtuliza mkewe. Alikuwa mtu wa maneno machache, pengine kwa sababu ya kazi yake, maana mbele ya dirisha la vifo utani hauvumi. "Miaka kumi na tisa," alisema, "kila nilipougua huyu aliandika mafaili yangu na yake, kwa mkono huo huo mmoja. Leo nikatae kusimama tu? Uso wangu nitaupeleka wapi?"

Nasoro alitembea kurudi nyumbani akipiga mluzi. Ni mluzi huo anaoukumbuka vibaya sana, kuliko mambo mengine yote.

* * *

Siku ya ishirini na tatu, Tume iliwapanga ukutani, bega kwa bega. Wakapimwa kimo kwa kamba ya fundi cherehani. Wakaulizwa jina la mwalimu wao wa darasa la nne, wakajibu pamoja. Wakaambiwa wakohoe, na mtaalamu wa Tume akaandika kwamba kikohozi ni kile kile. Mwanasheria alijaribu kudai kwamba masikio ya Chiponda ni makubwa zaidi, lakini Kamishna alimkatalia, kwamba hakuna cheti kinachotolewa kwa sikio.

"Mlinganishwa anyoshe mkono wake wa kulia, Tume iuone," akaamuru.

Chiponda akaunyosha. Ulikuwa mkono wa kawaida, wenye wino kwenye kidole cha shahada.

Profesa Mwakitalu alisimama, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. "Wananchi, tangu Tume hii iundwe, watu mia nne na sita wameshindwa kuleta mlinganishwa. Mmoja alileta kaka yake, tukakuta kaka ni mkubwa. Leo, kwa mara ya kwanza, tunao watu wawili sawa sawa. Piga picha."

Picha ikapigwa. Nasoro alikuwa anatabasamu; gazeti lile lipo.

"Tume inaona hivi," Kamishna akaendelea. "Watu hawa ni sawa. Mmoja ameondolewa dirishani. Mwingine ameachwa. Bila kificho, huu ni ubaguzi mtupu. Mlalamikaji ameshinda."

Nasoro aligeuka nyuma. Alimtafuta Bi Arafa kwa macho kati ya watu waliosimama nyuma, akamwona amejifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Miaka yote aliyojifunza kutania ili asilie ilimponyoka kwa pamoja.

"Tume inaamuru usawa urejeshwe leo hii," Kamishna akasema. "Imebaki kuamua urejeshwe kwa kupandisha au kwa kushusha. Mwanasheria?"

"Mheshimiwa, kumpandisha Mkwachu kutavunja Waraka wa Heshima, ambao ni halali. Kumshusha Chiponda hakuvunji kitu chochote."

"Hakuvunji?"

"Nimetafuta, mheshimiwa. Hakuna."

"Basi, kwa kuwa njia moja inavunja na nyingine haivunji, Chiponda wa dirisha la nne ataondolewa kuanzia kesho, kwa masharti yale yale, tarehe ile ile ya mwisho na barua ya maneno yale yale. Tume haitavumilia tofauti hata ya nukta."

Makofi yakaanza nyuma, yakasambaa. Nasoro alipiga hatua moja mbele.

"Mheshimiwa, mimi sikuomba hivyo. Huyu hajalalamika. Huyu nilimleta asimame tu."

"Amesimama vizuri sana. Tume inamshukuru."

"Basi nafuta malalamiko."

"Malalamiko si ya kwako." Kamishna alipekua faili. "Aliyeapa ni Mbwego. Mbwego, unafuta?"

Mbwego, mlangoni, alikuwa anatazama miguu yake. Alisema kwamba kama habari ya viatu bado inafikiriwa, angeomba isifutwe.

"Na wewe, bwana, umeshinda," Kamishna akamwambia Nasoro, sasa kwa upole, kama mtu anayemkanya mgonjwa. "Watu wanashindwa humu kila siku na hawapigi kelele hivi. Mwenye kushinda hapingi."

Chiponda alikuwa bado amesimama ukutani, mkono wake wa kulia ungali juu. Hakuna aliyekuwa amemwambia aushushe.

Madirisha yote mawili alipewa mpwa wa Mkurugenzi. Mtu mmoja alijaribu kulalamikia hilo, lakini hakupatikana mtu wa kulinganishwa na mpwa yule.

* * *

Nasoro alikaa siku mbili ndani. Ya tatu Bi Arafa alimwambia kwamba mtu anayeogopa uso wa rafiki yake ataishia kuogopa na kioo, akamsukuma nje. Akaenda. Chiponda alikuwa uani, ameikalia ile meza aliyoirekebisha. Bi Sikujua alikuwa na ungo mapajani. Hapakuwa na mchele ndani yake. Ulikuwa umemkalia tu, kwa mazoea.

"Karibu," Chiponda alisema. Hakusema pacha.

Nasoro aliomba radhi. Aliomba kwa maneno mengi, akachanganya utani, akautoa, akaomba tena. Chiponda alimwacha amalize.

"Umekosa nini wewe?" alisema. "Ulitaka chako. Hata mimi ningekitaka."

"Hatujafika mwisho lakini." Nasoro akavuta kigoda, akatoa karatasi mfukoni. "Nimekaa na sheria yenyewe, nimeisoma yote. Sheria ni nzuri, Chiponda. Walioiharibu ni watu. Kifungu cha thelathini na moja kinasema mtu asiyeridhika akate rufaa ndani ya siku arobaini na tano. Tukate wote wawili. Mmoja wanaweza kumpuuza, wawili je?"

"Tutatakiwa kupeleka mlinganishwa?"

"Eeh. Kwa kuwa tuko wawili, wawili. Nimeshawafikiria. Yupo mzee wa dirisha la kwanza, na yule mama wa la pili. Nao wameanza kazi mwaka wetu."

"Yule mama ana watoto watano."

"Atasimama tu, bwana. Na safari hii tutaandika mapema kwamba tunataka kupandishwa, siyo mtu kushushwa. Neno likiwa wazi hawawezi kulipinda."

"Waraka ulikuwa hauko wazi?"

"Ulikuwa wazi, lakini..." Nasoro aliigeuza karatasi yake. "Sikiliza. Msingi ni kwamba tulishinda. Imeandikwa, ina mhuri, Nasoro Mkwachu kashinda. Mtu aliyekwisha kushinda anaanzia juu. Kama tulishinda mara moja, kwa nini tusishinde tena? Shemeji, hebu na wewe mwambie mwenzangu."

Bi Sikujua aliugeuza ungo, akaukung'uta, ingawa haukuwa na kitu.

"Shemeji," alisema, "umeshinda mara moja tu na majiko mawili yamezimika. Rufaa kata, sikukatazi. Ila nakuomba, safari hii ushindwe."